Kupanda Kilima Hakuhitaji Breki

Jumatatu, 6 Mei
Balaa! Asubuhi nilikanyaga breki kwenye kona ya shule, pedali ikazama kana kwamba nimekanyaga sifongo. Gari lilisimama, naam, lakini kwa hiari yake, si kwa amri yangu.

Na Jumamosi ndiyo harusi ya shemeji yangu wa mwisho. Kikao cha ukoo kilikwisha kuamua: atakayemleta mama mkwe ndiye atakayesema kwa niaba ya familia. Heshima hiyo niliipigania, nikaipata. Mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, mwenye gari jipya na meno mengi, alinipongeza kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi. Akisikia habari ya breki, hotuba imekwenda na maji. Isitoshe, mama mkwe anakaa juu ya kilima, na mteremko wake unaishia kwenye ukuta wa ghala.

Jumanne, 7 Mei
Kwa fundi. Akasema upepo umeingia kwenye mabomba ya breki. Nimwachie gari hadi wiki ijayo. Wiki ijayo! Mara nikaliona gari la mwanyumba limeegeshwa palepale, likisubiri kung'arishwa. Nikamwambia fundi kwamba nilikuwa nikimuulizia rafiki yangu tu. Fundi akataka kujua mbona huyo rafiki anatokwa jasho hivyo.

Basi nitautoa upepo mwenyewe. Kazi ni ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine, chini kwenye gurudumu, analegeza skrubu ndogo kwa spana ili mafuta ya breki yatoke pamoja na upepo, kisha anaikaza. Hapo ndipo wa juu anaachia. Akiachia mapema, upepo unarudi ndani. Sioni ugumu wowote.

Jumatano, 8 Mei
Mke wangu kitini, mimi chali chini ya gari, kopo tayari. Nikatamka: "Mke wangu mpenzi, kwa heshima na taadhima, na kwa kuzingatia uzito wa jukumu lililo mbele yetu, naomba sasa ukanyage." Nilipofika kwenye "ukanyage", alikuwa ameshakanyaga, ameshachoka, ameshaachia. Na skrubu i wazi! Ilivuta upepo kwa mlio uleule wa jirani yetu anaponisonya.

Mke akachungulia chini. "Baba watoto, unahutubia gurudumu? Sema kanyaga, sema achia, basi!"

Nikamfafanulia kwamba amri isiyo na utangulizi ni utovu wa adabu. Akajibu kwamba yeye alikanyaga tangu utangulizi. Tukayazunguka magurudumu yote kwa mtindo huo. Sasa pedali inagusa sakafu.

Alhamisi, 9 Mei
Mwanyumba amekuja, eti anapita njia tu. Akalitazama doa la mafuta sakafuni, akauliza kama gari limeanza kujikojolea. Nikasema linafanyiwa uangalizi wa kinga. Akasema yuko tayari Jumamosi endapo litatokea lolote. Hilo "lolote" alilitafuna kama muwa. Alipoondoka nilikaa chini.

Kisha nuru! Mwanyumba hatafika kilimani kabla ya harusi. Nami nahitaji mahali pasipo na macho yake. Kupanda kilima hakuhitaji breki! Nitapanda kesho, nimalize kazi uani kwa mama mkwe. Mke akauliza, na kushuka je? Nikamjibu kwamba Jumamosi ina mambo yake.

Ijumaa, 10 Mei
Tumepanda kwa gia ya kwanza, dua midomoni. Jambo moja lilinipita: anayefika lazima asimame. Tulisimamishwa na lundo la mchanga ambalo mama mkwe amelinunua kwa ajili ya kujengea choo. Lilitupokea kwa upole kuliko nilivyostahili.

Mama mkwe akatoka. Ni mtu wa maneno machache. Akikusalimia mara mbili, jua anakupenda. Mke wangu akamweleza yote bila kubakiza hata nukta. Nilitamani lundo lile linifunike.

Mama mkwe akavuta kiti mpaka kwenye gurudumu. "Mkwe, wewe shika spana. Mdomo niachie mimi."

Akaanza. Kanyaga. Legeza. Kaza. Achia. Mapovu yakatoka! Kanyaga. Legeza. Nikafungua kinywa ili kupendekeza lugha iliyotulia zaidi. Akavua kandambili moja, akaiweka pajani. Nikafunga kinywa. Kabla jua halijazama pedali ilikuwa juu, ngumu kama jiwe.

Hata hivyo sina usingizi. Je, ikiwa ni ngumu hapa uani tu?

Jumamosi, 11 Mei
Mteremko. Mke amefumba macho, ukuta wa ghala unakua. Nikakanyaga. Gari likatii! Ukuta ulibaki mahali pake nasi mahali petu. Nilikaribia kulia. Mama mkwe akanigusa bega, akasema, "Maneno machache, mkwe." Nikamwapia.

Nilitimiza ahadi kwa kuanza na ufupi wenyewe: maana yake, chimbuko lake, aina zake. Nilipofika aina ya tatu, bwana harusi alikuwa ameegemeza paji la uso mezani. Mwanyumba akasimama na kupiga makofi. Nilidhani nimemgusa moyo, nikaongeza sehemu juu ya unyenyekevu. Nilipoketi, kiti cha mama mkwe kilikuwa kitupu. Wameniambia amepelekwa nyumbani na mwanyumba, katikati ya unyenyekevu.

Jumapili, 12 Mei
Mke hasemi nami. Mwanyumba ametuma ujumbe wa neno moja: "Pole." Hana ufasaha hata kidogo.

Nimetafakari usiku kucha, nikabaini kosa: kipaza sauti. Kilikoroma. Mama mkwe hakunisikia vizuri, maskini, ndiyo maana akaondoka. Nimeamua kumwandikia barua ya kuomba radhi, fupi kabisa, kama apendavyo. Niko ukurasa wa nne. Salamu zinaendelea vizuri.