Pengo Kati ya Nyimbo za Gari Langu

Shemeji yangu mheshimiwa, fundi wa redio za magari,

Sisi hatujambo, ila redio uliyonifungia ni mgonjwa, na ugonjwa wake umeingia hadi kwenye ndoa yangu na dada yako.

Ile rekodi ya onyesho la bendi inatakiwa itiririke mwanzo hadi mwisho. Lakini kila wimbo unapoisha redio inanyamaza kidogo, makofi yanakatika kama yamefungiwa mlango, ndipo wimbo mwingine uanze. Nimebadilisha flashi, nimenakili nyimbo upya, nimezipiga kutoka kwenye simu kwa bluetooth. Pengo liko palepale. Malalamiko yangu ni haya:

1. Unaijua sheria ya marehemu baba yangu: ndani ya gari, wimbo haukatizwi kwa maneno. Dada yako anaitii. Lakini pengo si wimbo, na humo ndimo anamosemea.

2. Pengo la kwanza aliniambia nimepita kona. Kweli nilikuwa nimeipita, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

3. Pengo ni fupi, maneno ya dada yako marefu. Juzi tukitoka hospitali alisema, "Daktari amesema..." Wimbo ukaingia, akanyamaza kwa adabu. Ni ule mrefu wa magitaa matatu, na sikusikia hata gitaa moja. Pengo lililofuata ndipo akamalizia kwamba vipimo vyake ni salama. Shemeji, nililia kwenye mataa, na wa nyuma wakanipigia honi.

4. Sasa nayangoja mapengo. Mwanamume mzima naombea wimbo niupendao uishe! Aibu hii ni yako.

Naomba uje ulizibe pengo hili upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nisalimie mama mkwe, watoto, na mafundi wote hapo karakana, hata yule aliyenikwaruzia mlango.

Ni mimi, ninayekudai kwa upole,
Mume wa dada yako

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, nimekuta kwenye mipangilio ya redio kitufe cha kuunganisha nyimbo, nikakiwasha. Pengo limekwisha kabisa. Leo asubuhi, nikiwasha gari, dada yako alisema, "Mwenzangu, siku nyingi nataka kukuambia..." Muziki ukaingia, haukukatika hadi kazini kwake. Mkono wangu ulifika kwenye redio, ukamkumbuka marehemu baba, ukarudi. Alishuka, akafunga mlango polepole. Nimempigia simu, anasema si neno, tuyaache. Shemeji, nimekizima kile kitufe ili nilirudishe pengo, limekataa. Njoo leo, tafadhali, na uje na bisibisi.