Kifaranga wa Mama Rukia na Ndevu Zangu

Alhamdulillahi. Mola ametuamsha wazima, ametunyeshea manyunyu wiki hii, na ametuachia pumzi ya kutosha hata kucheka. Namshukuru kwa yote, na kwa haya ya leo pia.

Leo nimeumbuka.

Nawaandikia mwenyewe hapa kwenye kundi letu kabla jirani yangu Guyo hajawaandikia. Alikuwepo, akaona kila kitu, na chumvi ya Guyo mnaijua.

Mke wangu, Mama Rukia, yuko Marsabit kwa dadake tangu Jumapili. Aliniachia kuku mmoja na vifaranga wake. Mwewe wa hapa Wabera, Isiolo, hawana huruma, walichukua wote, akabaki mmoja. Jumanne huyo mmoja naye akalegea. Mabawa yamening'inia, vidole vya miguu vimejikunja kama ngumi, anatembelea visigino. Chakula hataki. Na Mama Rukia akipiga simu haniulizi kama nimekula. Anauliza, "Kifaranga yuko?" Nami nikamjibu, "Utamkuta." Nimefundisha madrasa tangu ujana wangu kwamba mtu akiahidi atimize. (Sasa ahadi yangu ilikuwa inalia pii pii ndani ya katoni.)

Jueni pia kwamba sisi watu wa ngamia na ng'ombe hatuna desturi ya kujisifia kuku. Jumatano Guyo alinikuta nikimdondoshea yule mgonjwa maji mdomoni. Akasimama mlangoni.

"Maalim, marehemu babako alikuwa analinda ngamia wasiliwe na simba. Wewe huyu unamlinda na nini?"

"Na baridi," nikasema. "Aliyeumba ngamia ndiye aliyemuumba na huyu."

"Sawa. Lakini hakuwapa kilo sawa."

Nikamwacha. Nikaenda kwa Mama Kendi, yule Mmeru mwenye agroveti, duka la dawa za mifugo, karibu na soko. Nikamweleza habari ya vidole. Akanipa vitamini ya unga kwenye pakiti ndogo na chakula cha vifaranga.

"Hiyo ni kukosa vitamini, Maalim. Huu unga tia kidogo kwa maji, ubadilishe kila siku. Maji hayo ulainishie chakula kiwe kama uji mzito. Na usimlazimishe, utamkaba. Ngoja adonoe mwenyewe. Akidonoa mwenyewe, amepona."

Siku mbili nikangoja. Maji ya vitamini alimeza matone, bismillah kwa kila tone. Vidole vikaanza kunyooka kidogo. Lakini kudonoa, hapana. Nikaamua sitachoka mimi kabla yake.

Sasa leo asubuhi. Leo nilikuwa nimpokee Mzee Galgalo, mfugaji wa ngamia upande wa Kipsing. Mwanawe anataka kumwoa binti yangu Rukia, na mzee alikuwa anakuja tupange siku ya nikaha. Mama Rukia alikuwa ameniagiza kabla ya safari: "Usimpokee mkwe na hizo ndevu nyeupe. Tia hina."

Nikakoroga hina kwenye kikombe cha bati. Nikakoroga na chakula cha kifaranga kwenye kikombe kingine cha bati, ndugu yake yule wa kwanza. Vyote viwili vilikuwa tope la rangi ya udongo. Nikavua miwani isichafuke. (Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa.) Pua nayo imezibwa na mafua tangu juzi, harufu sisikii.

Nikapaka ndevu. Ilikwaruza. Nikasema hina ya siku hizi haisagwi vizuri.

Kile kikombe kingine nikampelekea mgonjwa. Akanusa, akanigeuzia mgongo. Nikamhubiria kidogo juu ya watu wanaokataa neema.

Nikafunga kidevu kwa kitambaa hadi utosini, nikajilaza ningoje rangi ishike. Kumbe Mzee Galgalo amepata boda ya mapema. Nasikia salaam aleikum mlangoni, yeye na Guyo. Nikafungua kitambaa haraka. Mkwe hawezi kupokelewa na mtu aliyefungwa taya kama maiti.

Tukaketi kwenye mkeka. Mzee Galgalo ni mtu wa maneno machache. Aliziangalia ndevu zangu, akaangalia pembeni kwa adabu.

"Tumekuja kuomba siku," akasema.

Kabla sijajibu, kuku akaingia. Akasimama katikati ya mkeka, akainamisha kichwa upande. Hakunitazama mimi. Alitazama ndevu. Kisha akaruka hadi pajani kwangu, akadonoa kidevu.

Nikamsukuma. Akarudi. Nikamsukuma tena, akarudi na mabawa.

"Maalim," Guyo akasema, "hina yako ina mahindi."

Akachukua chembe begani kwangu, akailamba. (Huyo ndiye Guyo.) "Wallahi hii ni chakula cha kuku."

Nilitamani ardhi ya Isiolo inimeze. Nikashika ukuta niinuke nikanawe. Hapo kuku akaanza ule mlio wao wa kuita watoto kwenye chakula, ko ko ko ko. Ndani ya katoni kitu kikakwaruza. Katoni ikalala upande. Yule mgonjwa akatoka, anayumba kama mlevi, akafika kwenye kanzu yangu ambapo tope limedondoka.

Akadonoa.

"Msitikisike," nikasema. "Hicho ni chakula chake cha vitamini, siku mbili alikikataa."

Akamaliza la kwenye kanzu, akaangalia juu. Mimi nilikuwa nimengoja siku mbili. Nikainama polepole mpaka kidevu kikagusa mkeka, mbele ya mkwe wangu. (Si sijda, Mungu anajua nia.) Kifaranga akaja akala ndevuni, na mamake upande wa pili. Guyo alikuwa ameuma kilemba chake, machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa nahesabu midono na kusema alhamdulillahi kwa kila mmoja.

Mzee Galgalo akamtazama kifaranga akila. Kisha akasema, "Mwaka wa ukame nililala na ndama wa ngamia ndani ya blanketi langu mwezi mzima. Mke wangu akahamia kwa mamake."

Nikamjibu nikiwa huko huko chini, "Akapona?"

"Ndama alipona. Mke alirudi." Akakohoa. "Mama wa binti akirudi kutoka Marsabit, Ijumaa inayofuata tufunge nikaha. Na hiyo vitamini, dukani wanayo ya ngamia?"

Baada ya adhuhuri simu ikalia. "Kifaranga yuko?"

"Yuko. Anadonoa mwenyewe."

"Alhamdulillahi. Umempa kwenye sahani gani?"

Nikamwambia mtandao ni mbaya.

Nimeshanawa. Ndevu bado nyeupe, ila zina vitamini. Hina yote iko kwenye katoni, haijaguswa. Kifaranga aliijua kabla yangu, na yeye hana miwani.

Usicheke, wewe unayesoma. Na kama umeshacheka, Mwenyezi Mungu akubarikie nyumba yako, mifugo yako mikubwa na midogo, akupe subira na macho yanayoona kilichomo kikombeni. Amin.