Seva ya Mezani kwa Eliana

Ofisi ya Uratibu wa Malalamiko, Singida, ina furaha kuutangazia umma kwamba karatasi imekufa. Kuanzia Jumatatu hii ya mwaka 2003, zama za soko huria, mwananchi atalalamika kwa kompyuta, popote alipo. Nasema haya nikiwa Katibu wa Kamati ya Uzinduzi, niliyechagua mwenyewe rangi ya mapazia.

Palikuwa na kasoro moja ndogo ya kitaalamu. Mfumo wenyewe, ulioandikwa na Eliana kwa Java, lugha ya kompyuta, mtaalamu wetu pekee, ulikuwa bado kwenye majaribio. Seva, yaani mtambo unaouhifadhi mfumo, ilikuwa ndani ya kompyuta ya mezani kwake, na ilijibu kompyuta hiyo tu.

“Mzee, ukiuita kutoka kompyuta nyingine haupatikani,” alimwambia Mratibu Mkuu, Bwana Chrispin.

“Hata mimi napatikana ofisini kwangu tu, na mkoa mzima unanitambua. Tunazindua!”

Basi tukatekeleza “popote alipo” kwa kumleta mwananchi alipo Eliana. Foleni ilitoka mlangoni hadi kwa wauza kuku. Mama Raheli alikuwa amepanda basi kutoka Ulemo.

“Shikamoo mama. Lalamiko?” aliuliza Eliana.

“Marahaba mwanangu. Gari la ofisi hii lilichukua pampu ya kisima chetu, eti ikatengenezwe. Mwezi wa nne sasa! Tunachota dimbwini pamoja na ng’ombe, wajukuu wanaharisha. Andika hivyo hivyo, usipambe.”

Eliana akaandika. Nakiri nilimwonea huruma yule mama, ila fomu haikuwa na nafasi ya huruma.

Kila Ijumaa Bwana Chrispin aliufungua mfumo kwenye kompyuta yake, akakuta maandishi kwamba ukurasa haupatikani.

“Kama malalamiko hayapatikani, maana yake hayapo,” alisema, akaripoti wizarani: hakuna.

Wizara ilishangaa mno. Ikamtuma Bi Amne, mkaguzi, aje ajifunze muujiza huo. Ukumbi ukajaa wafanyakazi na wananchi, Mama Raheli akiwemo. Mratibu akabonyeza, ukurasa haukupatikana, nasi tukapiga makofi.

“Hii ni hitilafu,” alisema Bi Amne.

Kwa kuokoa heshima ya ofisi, nilibeba kompyuta ya Eliana mimi mwenyewe, tukaiunganisha na projekta. Ilifanya kazi vizuri ajabu. Malalamiko mia mbili na kumi na manne yakajaa ukutani. La Mama Raheli lilikuwa juu, na chini yake hili: “Mimi Simeoni, dereva wa ofisi. Pampu ya Ulemo niliipeleka shambani kwa Mratibu, inamwagilia vitunguu. Nalalamika, barabara ya huko imevunja springi.”

“Zimeni mtambo!” alifoka Mratibu.

“Uacheni,” alisema Bi Amne. “Simeoni, washa gari, tukaing’oe pampu shambani.”

Mama Raheli akakaa mbele, arudi Ulemo na pampu yao. Bwana Chrispin alipanda nyuma, akakabidhiwa spana.