Magoti ya Bi Olwen

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Nimepita mbele ya duka la binti yangu Lowri mara saba tangu asubuhi, nikijifanya nina safari. Mara ya saba akafungua mlango, akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia nanyoosha miguu. Mtu aliyeendesha basi hapa Cardiff miaka thelathini na moja hawezi kukaa nyumbani akitazamana na ukuta.

Duka lake la juisi lina wiki sita. Wateja wa leo: wanne. Mmoja alitaka choo. Lowri amesema, huku akisugua kaunta ambayo tayari ilikuwa inang'aa, kwamba mambo yakiendelea hivi hadi Pasaka atafunga, ahamie Bristol kwa mchumba wake Callum. Nikasema Bristol ni mji mzuri. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Siupendi hata kidogo.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la juisi la Mererid Craddock, mjane wa makamo. Kwake foleni inafika kituo cha basi. Nimeitazama foleni ile mpaka shingo ikauma.

Jumanne, 4 Machi

Dawa imepatikana. Dilwyn, anayemimina bia pale baa ya Kondoo Dume, kaniambia siku hizi hakuna mtu anayeingia mahali kula au kunywa bila kwanza kusoma kwenye simu maoni ya waliotangulia. Ukipewa nyota tano, unajaza. Nyota moja, umekwisha. Nikayatafuta ya Lowri. Maoni matatu, na mojawapo linahusu choo.

Nikarudi nyumbani, nikaketi na simu. Kufikia saa kumi jioni nilikuwa watu watano, kila mmoja na jina lake na nyota zake tano kwa Lowri. Ninayempenda zaidi ni Bi Olwen, miaka themanini na moja, mkazi wa Splott, aliyekunywa juisi ya Lowri ya bitiruti na tangawizi, na siku ya tatu akatupa mkongojo. Sikukusudia atupe mkongojo. Kidole kiliteleza.

Jumatano, 5 Machi

Dilwyn anasema mtu anayesifu duka moja tu hushukiwa. Lazima watu wangu waonekane wakila na kunywa kwingine. Basi nimezunguka mji mzima.

Asubuhi mkahawa wa karibu na stesheni. Chai vuguvugu, lakini mhudumu aliniita kipenzi. Nyota nne. Mchana kwa Wabangladeshi. Nikaagiza kari kali kuliko zote, kwa kuwa mmoja wa watu wangu ni Mchungaji Elwyn, na nilihisi mchungaji angefanya hivyo. Mhudumu akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nililia mbele ya familia ya watu sita. Akaniletea glasi ya maziwa, wala hakucheka. Nyota tano. Alasiri baa mpya ya vijana, bia inakuja kwenye chupa ya jamu na viti havina mgongo. Nyota mbili, na mgongo wangu ungependa kuondoa moja.

Yote matatu nimeyaandika kwa majina ya watu wangu. 

Alhamisi, 6 Machi

Kwa Mererid. Nilikwenda kama mpelelezi, kola juu. Dakika ishirini kwenye foleni. Nikatafuta kasoro sakafuni, kwenye glasi, hata kwenye kucha zake. Hakuna. Zamu yangu ilipofika akanitazama vizuri.

"Si wewe uliyekuwa ukiendesha namba kumi na saba? Uliwahi kunisubiri siku moja, mvua ya mawe, nakimbia na mifuko. Wenzako walikuwa wananipita tu."

Akanipa juisi ya karoti. Akauliza Lowri anaendeleaje, akasema mwaka wake wa kwanza yeye alikuwa akijifungia chooni na kulia. Nikanywa glasi mbili. Sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile.

Nikarudi nyumbani, nikampa nyota moja. Nikaandika kwamba nimekuta unywele. 

Jumamosi, 8 Machi

Wamekuja. Vikongwe kumi na mmoja wa chama cha wastaafu wa mji wa Barry, wameshuka kwenye basi dogo, kila mmoja na mkongojo wake. Kiongozi wao, Bi Glenys Havard, akagonga kaunta kwa pete.

"Binti, tupe ile ya magoti."

Lowri akamwambia hana juisi ya magoti.

"Usitufiche, mwanangu. Olwen wa Splott ametupa mkongojo. Na sisi mikongojo yetu tumeshaichoka."

Mimi nilikuwa pembeni, nyuma ya gazeti. Walimaliza bitiruti yote. Kisha Bi Glenys akasimama, akaegemeza mkongojo ukutani, akapiga hatua mbili na kuniangukia. Yeye hakuumia. Mimi nimeteguka kifundo cha mguu. Hawakuondoka mpaka duka lilipofungwa. Walikuwa wakibishana nani alipasuliwa vibaya zaidi.

Lowri ameniuliza kama namfahamu Olwen yeyote. Nikasema Splott ni kubwa.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya.

Asubuhi amekuja afisa wa afya wa halmashauri, mtu mpole mwenye faili, kuuliza kwa nini duka hili linadai kuponya mifupa. Lowri hakuwa na la kusema. Afisa akaeleza taratibu kwamba maneno yale yasipofutwa, itabidi duka lichunguzwe rasmi. Kabla hajamaliza, Mererid akavuka barabara, simu mkononi, macho mekundu. Foleni yake leo ilikuwa ya watu watatu. Akamuuliza Lowri kwa sauti ndogo kama anamjua mtu anayeweza kuandika habari ya unywele.

Wakaketi meza moja, wakaanza kusoma pamoja. Nikasema nadhani nimeacha jiko linawaka.

"Kaa, baba," Lowri akasema.

Akasoma kwa sauti. Bi Olwen anayajua maumivu ya goti kwa sababu aliendesha basi miaka thelathini na moja. Mchungaji Elwyn, kabla ya kuitwa na Mungu, aliendesha basi miaka thelathini na moja. Rhodri, mwanafunzi wa miaka kumi na tisa, anajua kiu ni nini, maana ameendesha basi miaka thelathini na moja. Na yule aliyekuta unywele alikuwa na macho makali, macho ya dereva.

Afisa akatazama dari. Mererid akanitazama mimi.

"Wewe ni wangapi, baba?" Lowri akauliza.

Nikasema watano. Akauliza kwa nini. Nikasema nilitaka biashara ichangamke. Akauliza tena, kwa nini. Nikasema Bristol ni mbali.

"Ni saa moja kwa treni."

Nikasema najua.

"Kama hutaki niende, si ungesema tu? Ungefungua mdomo: Lowri, usiende. Maneno mawili, baba."

 Mambo ya aina hiyo alikuwa akiyasema mama yake, kwa niaba yetu sote wawili. Tangu afariki hakuna aliyechukua zamu.

Nimefuta yote mbele ya afisa, mpaka Bi Olwen. Kisha nikamwomba Mererid radhi, nimesimama kwa mguu mmoja. Akaitia simu mfukoni. Halafu akasema amesikia, na kwamba nitaosha glasi zake siku tatu, nianze kesho.

Jumatano, 12 Machi

Vikongwe wamerudi. Lowri, kwa uaminifu wake, akawaeleza kwamba hakuna Olwen na hapajawahi kuwa na Olwen. Bi Glenys akamwambia walishaelewa tangu Jumamosi, magoti ni yaleyale. Ila hapa kuna viti vyenye mgongo na hakuna anayewatimua. Wamejichagulia meza tatu, kila Jumatano na Jumamosi. Bi Glenys anakaa karibu na mlango, na kila anayepita nje anaamrishwa kuingia. Watu wanamtii.

Jioni Lowri akasema Callum atakuja mwezi ujao kutafuta kazi huku, waone itakuwaje. Nikasema vizuri. Nikatoka nje kutembea, kifundo kikiniuma, mara tatu kuzunguka mtaa.

Glasi za Mererid, siku ya pili. Anacheka kwa pua. Leo amenichekea mara mbili.

Jumapili, 16 Machi

Siku za glasi zilikwisha Alhamisi. Sina tena sababu ya kwenda pale. Nilitaka kumwambia Mererid twende Penarth tukale samaki na chipsi. Tangu asubuhi nimefika mlangoni kwake mara nne, na mara zote nne nikasoma orodha ya bei dirishani, nikarudi. Lowri kaniona kutoka ng'ambo. Akasema ingia umwambie, baba. Ni rahisi kwake kusema.

Saa tisa Mama Bronwen wa Swansea, mgeni mjini, ametoa maoni yake juu ya duka la Mererid. Nyota tano. Ameisifu karoti. Kisha akaongeza, kwa ufupi tu, kwamba alimwona pale bwana mmoja mtulivu, aliyefiwa na mkewe, koti la kijivu, meno yote ni yake, na kwamba mwanamke atakayealikwa naye kula samaki atakuwa na bahati.

Saa tisa na nusu Mererid akajibu chini yake: "Ahsante, mama. Mwambie huyo bwana aje aseme mwenyewe. Tunafunga saa kumi na moja."

Sasa ni saa kumi na moja kasorobo. Nimevaa koti, nimevua, nimevaa tena. Nimeketi na simu, natafuta neno la heshima ambalo Mama Bronwen anaweza kumjibu.