Koti la Stefano na Ndimi za Moto

Ndugu zangu wa Ruiru, leo nimeaibika mbele ya watu arobaini na punda mmoja. (Punda ni yule anayeleta ngozi kiwandani. Naye alilia papo hapo.) Nawaandikia upesi kabla Stefano hajafika huko na kuwasimulia kwa sauti yake ile nene.

Stefano ni wakini wangu. Tulitahiriwa asubuhi moja, kando ya mto Chania, na tangu siku hiyo yuko mbele yangu kwa kila kitu. Mbuzi wake huzaa mapacha. Kahawa yake haiugui. Mimi humshukuru Mungu kwa yote, lakini kumshukuru kwa ajili ya Stefano kumenishinda.

Sasa, hapa kwetu Thika mimi na Stefano tunashona viatu kiwandani. Gundi ya soli tunailainisha kwa dawa fulani ya debe. Sisi huiita dawa ya gundi, basi. Inapanda kichwani, na inashika moto kuliko nyasi za kiangazi. Juma lililopita mtu mmoja aliwasha kiko karibu nayo. Tambara likawaka, na nyusi zake zikaenda nalo.

Kwa hiyo bwana msimamizi akataka mtu mmoja wa kuitunza. Huyo atapewa kiti mlangoni na koti la buluu lenye vifungo vya shaba. Koti! Nilisali niondolewe tamaa. Kisha nikasali nipewe koti.

Leo asubuhi tukapangwa mstari uani. Bwana akasema kwa Kiswahili chake:

"Mimi nataka mutu ya kuchunga spiriti. Nani najua spiriti?"

Stefano akatazama viatu vyake. Moyo wangu ukaruka! Stefano hajui Kiingereza hata kidogo. Mimi nilikisoma misheni miaka miwili, na najua kwamba spiriti ni Roho. (Kumbe bwana ameokoka, nikawaza. Anatafuta mcha Mungu!) Nikapiga hatua mbele.

"Mimi, bwana. Namjua vizuri sana."

"Tangu lini?"

"Tangu nibatizwe."

Bwana akakunja uso kidogo. "Kama namwagika, wewe nafanya nini?"

"Nitafurahi, bwana! Hilo ndilo tunaloomba kila siku. Amwagike juu yetu sote!"

Nyuma yangu mtu akakohoa. Nikadhani ni wivu.

"Na kama mutu navuta, naingia ndani yake?"

"Ataanza kunena kwa lugha."

"Hiyo ni kweli," bwana akasema polepole. (Hapo nikaliona koti mwilini mwangu.) "Na moto?"

Nikainua mikono yote miwili. "Moto, bwana, ndio ishara yenyewe! Ndimi za moto, moja juu ya kila kichwa! Hapa hapa kiwandani!"

Bwana akarudi nyuma hatua tatu. Akaelekeza kidole kwenye debe la dawa ya gundi, nami ndipo nikaona maandishi ubavuni, herufi kubwa nyeupe: SPIRIT. Nimepita kando ya debe hilo miaka minne.

Yule aliyekohoa akaanguka chini kwa kicheko. Wote wakafuata. Punda akalia.

"Wewe!" bwana akamwita Stefano. "Moto?"

"Usiingie kabisa, bwana," akajibu kwa upole wake unaoudhi. "Kifuniko kifungwe, madirisha yawe wazi. Hakuna kiko, hakuna viatu vya misumari vya kutoa cheche. Matambara yatiwe kwenye pipa la chuma. Ikiwaka, ni mchanga, si maji."

Alikuwa amejifunza kwa kutazama tu! Koti likamkaa kana kwamba alishonewa.

Mchana akaja kuketi nami. "Wakini, usihuzunike. Majibu yako yote yalikuwa ya kweli."

"Toka hapa, Stefano."

"Ila si ya debe."

Nashukuru kwamba hatukuungua. Nashukuru kweli. Lakini Jumapili hii ni Pentekoste, na zamu ya kuhubiri huko kwenu ni yangu. Stefano ameshasema ataketi kiti cha mbele, na koti, na ameniuliza kama alete ndoo ya mchanga.

Nawasihi kwa upendo: mtu asicheke kabla ya sala ya kufunga.