Gari Lisilolala Kwenye Kona

Jumatatu, 2 Julai 1956. Njombe.

Baridi kali, majani meupe kwa barafu. Nimempeleka Ema kwa fundi cherehani kujaribu gauni la harusi. Kwenye kona ya kushukia mtoni gari likalala upande kama kawaida yake. Ema akatoa kichwa dirishani, akatapika. Kisha akasema kwa upole, na upole ndio uliouma, kwamba Jumamosi atapanda gari la Agustino.

Binti yangu! Siku ya harusi yake! Mimi niliyelima pareto mpaka viganja vikapasuka, nikanunua pikapu bila kusaidiwa na mtu, nifuate vumbi la Agustino wa kule misheni! Gari lake ni kuukuu kuliko langu. Nimempita mara ngapi barabarani? Lakini halilali kwenye kona. Kwa nini halilali?

Jumanne, 3 Julai

Nimemwendea Agustino, nikajifanya napita tu. Hana hata aibu ya kuficha. Tukalala chali sote wawili chini ya gari lake. Kuna chuma kinachovuka kutoka gurudumu hadi gurudumu, kazi yake kuzuia bodi isiyumbe. Hata langu linacho, ila cha langu ni chembamba kama penseli na cha lake ni kinene kama kidole gumba. Kaagiza Iringa. Akasema naweza kuagiziwa, wiki tatu. Akaongeza kwamba nisihangaike, Ema atambeba bure.

Bure! Matusi gani haya?

Jioni nimepima. Nimewaketisha mke wangu na majirani watano upande mmoja wa gari: bodi ikashuka inchi nne. La Agustino, kwa watu sita hao hao, inchi moja na nusu. Mama Ema ameuliza kama ameolewa au amekuwa gunia la viazi. Simlaumu. Inchi mbili na nusu zimenikosesha usingizi.

Jumatano, 4 Julai

Njombe nzima hakuna chuma kama hicho. Nimekwenda kwenye maombi nikiwa nimenuna. Mwinjilisti Anania akagonga kengele, nikainua macho.

Kengele yetu ni chuma kirefu cha mviringo kilichoning'inizwa kwenye mkaratusi tangu enzi za Mdachi. Unene wa kidole gumba. Urefu, kwa macho, ule ule. Na mzee wa kanisa anayetunza kengele ni nani? Ni mimi!

Nimeimba beti zote bila kusikia neno hata moja. Si wizi. Ninayeitunza ndiye ninayeiazima. Jumapili asubuhi itakuwa imerudi mtini.

Alhamisi, 5 Julai

Nimeitungua kabla ya kuku kuamka. Mhunzi Kornelio akaipinda ncha zote mbili kwa kipimo cha gari langu, akauliza nimeipata wapi. Nikasema Iringa. Akashauri niivike mpira pale inaposhikwa, la sivyo itagonga. Nikamwambia namwona, anataka kuniuzia mpira. Nimeikaza kwa waya.

Wale wale sita, upande ule ule: inchi moja! Nimempita Agustino kwa nusu inchi! Nimeruka kwa furaha nikiwa bado chini ya gari. Nundu kubwa.

Ijumaa, 6 Julai

Naona haya hata kuandika.

Anania ametuita wazee, kengele haipo. Nilikuwa nimesahau kwamba kupotea nako kunaonekana. Wote wakanitazama. Mzee mmoja akakumbuka kwamba jana Agustino alionekana karibu na kanisa. Alikuwa analeta jogoo wa harusi kwangu. Najua, jogoo nilimpokea mwenyewe. Nikakohoa. Nikasema kweli, Agustino anapenda sana vyuma.

Hayo tu. Sikusema ameiba.

Habari zimefika nyumbani kabla yangu. Ema amelia kidogo, kisha akasema hawezi kwenda kuolewa kwenye gari la mwizi. Atapanda langu.

Nimeshinda. Nimekwenda kumfungia yule jogoo mbali na dirisha langu.

Jumamosi, 7 Julai

Tumeondoka na ukungu kwenda Kitandililo, kwa bwana harusi. Ema kando yangu, nyuma wanakwaya wanane na Anania. Kona ya mto: kimya, tumbo la Ema limetulia. Kona ya pili: Ema akacheka, akanishika mkono, akasema, “Baba, leo limetulia kama kitanda.” Kwa muda huo mfupi nilikuwa baba.

Tunakaribia Makambako, barabara ina mawimbi, waya ukalegea.

Ngaa!

Watu wetu wamefundishwa hivi tangu utotoni: pigo la kwanza, kofia chini, la pili, midomo imefungwa, la tatu, simameni. Ngaa! Kofia zikatoka. Ngaa! Kimya. Ngaa! Kwenye kona kali kuliko zote, wanakwaya wanane na mwinjilisti wakasimama wima.

Hakuna chuma duniani kinachozuia hilo. Gari likaegemea ukingo wa mtaro polepole, kama ng'ombe aliyechoka. Hakuna aliyeumia. Gauni limejaa vumbi. Chini chuma bado kinavuma, na watu wanatoka mashambani na majembe wakiuliza nani amefariki.

Ema aliinama akatazama. Hakupiga kelele. Akasema tu, “Baba, kengele hiyo imenigongea tangu nabatizwa.”

Agustino akatokea nyuma na sufuria za harusi. Nani mwingine angezibeba? Akanisalimu, “Kamwene, Mzee Enoki,” kama siku zote. Habari za wizi alikuwa nazo, nimeona machoni. Akatandika koti lake kwenye kiti ili Ema akae. Mimi nimeingia Kitandililo nyuma ya gari lake, katikati ya sufuria, nikikumbatia kubwa isianguke.

Halikulala hata kona moja.

Jumapili, 8 Julai

Nimesimama mbele ya kanisa zima. Nimesema yote, na la jogoo. Uzee wa kanisa nimevuliwa. Baada ya ibada nimekwenda misheni kumwomba Agustino radhi. Akanikaribisha uji.

Kengele imerudi mtini ikiwa imepinda kama upinde, inalia kama sufuria. Watoto wanacheka, wazee wanaagiza nyingine.

Jumanne, 10 Julai

Ema ametuma salamu. Tukamtembelee mwezi ujao, mama yake na mimi. Kwa gari la Agustino, amesisitiza.

Nimelala chali chini ya gari mchana kutwa, nikitafakari makosa yangu kwa unyenyekevu. Ni moja: mpira. Kornelio alisema kweli. Ile kengele kuukuu sasa haina mwenyewe, na imepindwa kwa kipimo cha gari langu hasa. Ninachohitaji ni vipande viwili vya mpira mnene.

Anania huvaa katambuga za tairi la lori. Huziacha mlangoni anapoingia kuhubiri.

Maombi ya Jumatano huwa marefu.