Kiini cha Kitunguu na Funguo za Maabara

Jumatatu, 4 Mei 2026
Mkuu wa shule ametangaza: Alhamisi anakuja mthibiti ubora. Mwalimu atakayemwonyesha kiini cha seli kwenye hadubini atakabidhiwa maabara. Funguo, ofisi, feni! Feni, kwa joto hili la Kilosa! Mpinzani mmoja tu: Mwalimu Yusrah wa kemia, binti wa juzi, bado ananiamkia shikamoo. Nimeitikia marahaba kwa sauti ya mwenye maabara.

Jumanne, 5 Mei
Nimebandua utando wa kitunguu, nimeuweka chini ya hadubini. Seli zote vyumba vitupu! Yusrah akasema kiini kimo, ila hakina rangi. Ukikitia rangi, chenyewe huinywa zaidi kuliko sehemu nyingine, ndipo kinajitokeza. Tone moja la ayodini, subiri, suuza. Akanisogezea chupa yake. Nimekataa. Mtu mzima aazime ayodini kwa mtoto?

Jumatano, 6 Mei
Duka la dawa, Mabwerebwere. Nimenunua jivii, ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wachanga mdomoni. Tone moja? Uchoyo! Nimeloweka kitunguu kizima kutwa. Kusuuza sitaki, nani hununua rangi akaimwaga? Vidole vyote zambarau. Mama Ditram wa kantini amenipa pole, akauliza kama mtoto ameanza kunyonya. Sina mtoto.

Alhamisi, 7 Mei
Aibu. Mthibiti, Bi. Magreth, kanipa mkono, wake ukabaki zambarau. Akachungulia. Zambarau tupu! Kuta, kiini, vyote vimelewa rangi, hakuna cha kutofautisha. Nikasogeza kioo chenye kitunguu harakaharaka. Lo! Duara kubwa, jeupe, ukingo mweusi. Nikatangaza kiini! Wanafunzi wakapiga makofi. Duara likatembea. Bi. Magreth akauliza, kwa upole, tangu lini kiini kikahama nyumba. Kumbe kiputo cha hewa. Yusrah akaweka kioo chake: kila seli na kitone chake cha kahawia. Safi kabisa. Iliniuma mpaka chakula cha mchana kikanishinda.

Ijumaa, 8 Mei
Funguo kapewa Yusrah. Kaniamkia vilevile, akasema mlango uko wazi kwangu wakati wowote, na ayodini ipo. Dharau hiyo! Nimekaa nikajichunguza kwa haki, bila kujipendelea. Kosa nimeliona: kitunguu ni kidogo mno. Nimeagiza boga kutoka Malolo, la kubebwa na watu wawili. Kiini chake kitaonekana hata bila hadubini.